Pesa ya korosho inakwenda wapi ikifika Februari?

"Shikamoo mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Newala mjini, mkoani Mtwara: mabati, saruji, nondo, misumari, rangi. Nilifungua 2022 kwa akiba yangu na mkopo mdogo wa benki. Misimu miwili ya kwanza nilijikongoja. Msimu wa 2024/25 bei ya korosho ikapanda, nikawa nafunga duka saa nne usiku, mabati hayakai. Nikaongeza mkopo, nikajaza stoo. Ilipofika Februari, kimya. Machi naweza kukaa siku tatu nauza misumari ya elfu mbili. Rejesho la benki ni la kila mwezi, na karibu nusu ya mtaji wangu iko kwenye daftari la madeni. Kila ninayemdai ananiambia 'korosho ikitoka'. Mjomba anasema mkoa wetu ni tajiri ila hela inaliwa na vyama vya msingi vya ushirika na makato, na viwanda vingekuwepo tusingeteseka. Rafiki yangu ananishauri nipokee korosho badala ya hela kwa ninaowadai, yeye anafanya hivyo. Mwingine anasema nipunguze duka ninunue shamba la mikorosho. Naomba unieleze: kwa nini mkoa unaoingiza mabilioni ya korosho una maduka yanayolala nusu mwaka? Na mimi nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza la mkoa na la duka kwa pamoja, na umefanya vizuri, maana ugonjwa ni mmoja. Duka lako linapolala Machi, bodaboda nao wamepaki chini ya mwembe, mama lishe wa stendi anapika nusu sufuria, na halmashauri inahesabu siku hadi ushuru urudi. Hamjarogwa. Mnaishi kwenye uchumi unaopokea mshahara mara moja kwa mwaka.

Katika maelezo yako nimesikia pia swali ambalo hukuliandika, kwamba labda biashara imekushinda. Sioni hivyo. Naona mtu aliyepata msimu mmoja mzuri, akadhani sasa mambo yamekaa sawa, na benki ikakubaliana naye. Mimi niliwahi kununua pikipiki mbili za bodaboda Masasi kwa hesabu za Desemba. Kufika Mei nilikuwa nimeshauza moja ili kuihudumia nyingine. Na hii ndiyo kazi niliyosomea.

Tuanze na kalenda. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na kufika Januari sehemu kubwa ya mzigo imeshaondoka. Fedha ya mnunuzi hupita benki, chama kikuu, ambacho kwenu ni TANECU, na chama cha msingi, ndipo ifike kwenye akaunti ya mkulima. Kwa hiyo kaya ambayo tangu Machi haijashika laki tatu kwa mkupuo, inashika milioni kadhaa ndani ya wiki chache. Inalipa madeni, inanunua sare na madaftari ya Januari, inafanya sherehe zilizokuwa zinasubiri, halafu ndipo inakuja kwako kuulizia bati. Wanaosema wakulima wa kusini wanachezea hela hawajawahi kukaa kaunta kama yako mwezi wa Desemba. Bati ni akiba. Halioti ukungu, shemeji hawezi kulikopa, na likishapigwa misumari halirudi sokoni.

Uzuri huo kwa mkulima ni ubaya kwako. Mtu akishaezeka, amemaliza. Mwenye duka la sukari na sabuni humwona mteja yuleyule kila wiki, hata kama ananunua robo. Wewe humwona mara moja kwa miaka mingi. Februari hadi Aprili mkulima yuko kwenye palizi na shamba la mahindi na muhogo, na shilingi inayopatikana inaenda jikoni. Ufuta huleta hela kidogo kuanzia Mei, na mbaazi kuanzia Agosti hivi, lakini ufuta umeshika zaidi Lindi na upande wa Masasi na Nanyumbu kuliko kwenye uwanda wenu wa Newala na Tandahimba. Na mbaazi nayo ina visa vyake: Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi za kuingiza nchini mwake, na huku bei ikaporomoka hadi watu wakaziacha shambani.

Sasa nikuonyeshe hesabu ambayo ningependa uiandike ukutani mwa stoo. Chukua kaya ya mfano inayovuna kilo 1,000. Kwa mwaka inahitaji, tuseme, milioni 1.8 kwa mambo yasiyokwepeka: chakula cha miezi ya njaa, shule, matibabu, madeni, vibarua wa shamba. Mkulima akipata shilingi 2,000 kwa kilo, anashika milioni 2, na kinachobaki ni laki mbili. Akipata 4,000, anashika milioni 4, na kinachobaki ni milioni 2.2. Bei imepanda mara mbili, lakini hela inayoweza kuja kwako imepanda mara kumi na moja. Bati, rangi, pikipiki na kochi hununuliwa kwa salio, na salio haliendi sambamba na bei. Linaruka bei ikipanda na linazama bei ikishuka.

Hiyo ndiyo siri ya msimu wako wa 2024/25. Misimu miwili iliyotangulia bei za minada zilizunguka karibu na shilingi 2,000 kwa kilo. Oktoba 2024 mnada wa kwanza ukafunguliwa kwa zaidi ya 4,000, tena mavuno yakiwa mengi kuliko kawaida. Wewe ukaona wateja wamekuja wengi, ukadhani duka limejulikana. Inawezekana lilijulikana pia, lakini kilichojaza kaunta ni salio la watu. Ukipanga mtaji kwa kutumia mwaka kama huo, ni sawa na kupima kina cha kisima siku ya masika.

Kuna na jambo la tarehe. Waulize wenye maduka wakongwe hapo Newala wakusimulie 2018. Oktoba ile wakulima walizikataa bei za minada, Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ukiiangalia bei yenyewe, haikuwa mbaya. Lakini malipo yalikwenda polepole, timu za uhakiki zikapita vijijini, Krismasi ikapita, Januari ya shule ikapita, na wapo waliosubiri hadi mwaka 2019 ukazeeka. Kwa mwenye duka, 3,300 ya Mei si 3,300 ya Desemba. Ikifika Mei mteja ameshakopa huku na kule, na hela inapoingia tayari ina wenyewe.

Turudi kwa mjomba, ambaye nusu ya hoja yake naikubali. Makato yapo, na vyama vya msingi vilivyowahi kula hela za wakulima vipo. Sitavitetea. Lakini fikiria makato yote yafutwe kesho: mkulima ataongezewa kiasi fulani kwa kilo, Desemba itachangamka zaidi, na Machi utakaa vilevile na misumari yako. Makato yanagusa ukubwa wa mshahara, na kilio chako ni kwamba mshahara unakuja mara moja.

Tena kuna makato mazito kuliko yale ambayo mjomba anayaona kwenye karatasi ya malipo. Korosho ghafi ikisafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kisheria anayelipa ni msafirishaji. Vilevile ushuru wa mazao wa halmashauri, asilimia 3, kisheria ni wa mnunuzi. Lakini mnunuzi hafiki Newala akiwa na bei kichwani halafu akaongeza ushuru juu yake. Anaanza na bei atakayouza India au Vietnam, anatoa meli, anatoa bandari, anatoa ushuru, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachoandika kwenye zabuni. Kwa hiyo ushuru huo umeshamfikia mkulima kabla mnada haujafunguliwa, ingawa hauonekani popote kwenye karatasi yake. Swali la haki ni fedha hiyo inarudi kufanya nini. Hadi 2018 asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha nje ilielekezwa kuendeleza zao lenyewe. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaipeleka yote Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini walipiga kelele mnazozikumbuka. Kwa hilo la 2018, mjomba akitaka kugombana na mtu, ana hoja.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, nao unalaumiwa kwa mengi, na nadhani unastahili lawama moja na sifa moja. Kabla haujaanza Mtwara mwaka 2007, wanunuzi walipita vijijini, kila mmoja na bei yake na mzani wake, mkulima mwenye shida akauza debe moja leo na debe jingine wiki ijayo. Bei ilikuwa ya kunyonya, ila hela ilidondoka kidogokidogo. Mnada ulikusanya mzigo sehemu moja, wanunuzi wakashindana, bei ikapanda, na kwa kufanya hivyo ukakusanya pia hela ya mwaka mzima kwenye wiki chache. Hilo la pili halikukusudiwa na mtu. Na usifikiri tiba ni wakulima kuficha korosho hadi Aprili ili wauze kwa zamu. Nguvu ya korosho yetu ni kwamba inaingia sokoni wakati nchi za Afrika Magharibi hazina kitu. Wao huanza kuvuna Februari hivi, na wakishaanza, mnunuzi hana tena haraka na sisi.

Viwanda. Hapa huwa nasikitika kidogo, maana ni ndoto ya kila mtu kusini, na mimi pia. Vilikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikuwa imejengewa viwanda 12 vya kubangua korosho, sehemu kubwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Wakati mitambo inasimikwa, korosho yenyewe ilikuwa inatoweka: kutoka kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei haikumtia mtu moyo wa kutembea kuifuata, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia. Mitambo ikakaa bila korosho.

Leo korosho ipo, na bado sehemu kubwa inaondoka na maganda yake. Sababu utaielewa kuliko wachumi wengi, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Kiwanda kinachotaka kubangua mwaka mzima lazima kinunue korosho ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, kwa fedha taslimu, kwenye mnada mmoja na watu wanaotaka kupakia meli na kuondoka. Kisha kiilaze ghalani huku riba ya benki ikitembea. Kiwanda cha Vietnam kinanunua kwetu Novemba, kwa Waafrika Magharibi Aprili, na kwa jirani yake katikati. Chetu ni kama stoo yako: imejaa Desemba, inadaiwa Machi. Kibanguaji akipata mtaji wa riba nafuu na haki ya kununua kabla ya wasafirishaji, anaweza kusimama, na hapo ajira za mwaka mzima zingekuletea wateja wa kila mwezi. Ila usiweke hilo kwenye mpango wako wa biashara wa mwaka huu.

Kingine kinachofupisha maisha ya hela ya korosho, nawe umo ndani yake, ni kwamba mkoa unatumia vitu ambavyo hautengenezi. Mteja akikulipa bati, sehemu kubwa ya fedha hiyo inapanda basi kwenda Kariakoo kununua bati jingine. Kwako inabaki faida, kodi ya fremu, mshahara wa kijana na posho ya wapakiaji. Saruji ina nafuu, kwa kuwa tangu 2015 inatengenezwa Mtwara kwenyewe. Mbao za hapo, tofali za hapo na ujira wa fundi hubaki zaidi. Gesi ya Mnazi Bay iliyowaingiza watu barabarani kuandamana 2013 ina thamani kubwa, lakini bomba halihitaji vibarua wengi, na mfanyakazi wa bomba haji Newala kuezeka.

Basi tuje dukani.

La kwanza ni benki, na usisubiri hadi uchelewe kulipa. Mkopo wako umekatwa kwa sura ya mfanyakazi wa mshahara, wakati kipato chako kina sura ya mkulima. Nenda umwone afisa mikopo ana kwa ana ukiwa na daftari la mauzo la miezi yote tangu ufungue, umwoneshe jinsi Novemba, Desemba na Januari zinavyobeba mwaka. Omba marejesho yapangwe upya: miezi ya kiangazi cha biashara ulipe riba au kiasi kidogo, mtaji ulipwe wakati wa msimu. Si kila benki itakubali, na itakayokubali itakuongezea riba kwa jumla kwa sababu deni linakaa muda mrefu. Hata hivyo, kwa hali yako naona ni gharama inayobebeka kuliko kuuza bati kwa hasara kila Machi ili kuziba rejesho. Kitu ambacho singekifanya ni kuchukua mkopo wa pili, wa kausha damu, ili kulipa wa kwanza. Na kama dhamana ni nyumba mnayoishi na ukishapokea notisi ya maandishi, usijibu mwenyewe. Mtafute wakili siku hiyohiyo, maana kuna taratibu ambazo benki lazima izifuate, ikiwemo ridhaa ya mwenzi wako wakati nyumba inawekwa rehani.

La daftari ni gumu zaidi kwa sababu ndani yake kuna majirani. Kaa nalo usiku mmoja. Wapo wenye mikorosho unayoijua na huwa wanalipa. Hao waache, ila waandikishe upya kiasi na tarehe, wasaini. Wapo wanaopata mshahara, walimu na wauguzi, ambao nao wamejificha nyuma ya "korosho ikitoka" ilhali hawana hata mche. Hao wagawie deni kwa miezi, uanze kesho. Na wapo ambao moyoni unajua hawatalipa. Watoe kwenye hesabu ya mtaji wako, usiendelee kujihesabia tajiri kwa majina yao. Kuanzia sasa, bati likitoka kwa mkopo litoke kwa bei ya mkopo, na mtu asivuke kiwango ambacho angeweza kukulipa korosho ikiwa elfu mbili. Nasema elfu mbili makusudi. Wala usishike kadi ya benki ya mtu kama dhamana, hata akikupa mwenyewe. Nimeona ndugu wakifikishana polisi kwa jambo hilo.

Ushauri wa rafiki yako, nasikitika, una jina, na jina hilo ni kangomba, yaani kununua korosho kinyemela. Hata ukisema ni kulipana deni, kupokea korosho nje ya chama cha msingi ni kununua korosho nje ya mfumo ambao Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009 na kanuni zake zimeuweka. Unaweza kunyang'anywa mzigo na kufunguliwa kesi. Na tuseme hukamatwi: utaipeleka wapi? Utahitaji mwanachama akuuzie kwa jina lake, umlipe, ukae ukiomba asikugeuke. Msimu wa 2018/19, uhakiki ulipokwenda kuangalia mashamba, waliokuwa na kilo nyingi bila mikorosho walikwama nazo. Juu ya hayo, korosho ya deni mara nyingi ni ile isiyokauka vizuri, na daraja likishuka hasara inakuwa yako. Duka lako lina tatizo la muda wa fedha. Usiliongezee tatizo la polisi.

Shamba je? Sina ugomvi na mikorosho. Miche ya kubebesha kutoka kwa watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele huanza kutoa matunda mwaka wa tatu hivi, na shamba lililokomaa ni mali ya kurithisha. Ila ukihamisha mtaji wa duka kwenda shambani, mwaka wa bei mbovu shamba halitakupa na duka halitakupa, kwa sababu ileile, siku ileile. Wewe unahitaji kitu kinacholeta hela wakati korosho imelala. Kama unataka shamba kwa ajili ya watoto, nunua kwa faida, polepole, baada ya deni kupungua.

Hela ya miezi ya kimya haipo nyingi, lakini ipo. Newala watu wanavuna maji ya paa kwa sababu maji ya uwanda wa Makonde ni ya taabu. Gata, simtanki na mabomba huuliziwa kabla ya mvua, hata na mtu ambaye hana hela ya bati. Majembe na mapanga yana wakati wake kwenye palizi. Juni hadi Agosti ni upuliziaji wa salfa: plagi, mafuta, mikanda ya mashine, barakoa. Faida ya kitu kimoja ni ndogo, lakini mteja anarudi. Walimu na wauguzi hujenga kidogokidogo mwaka mzima, mfuko wa saruji leo, nondo mbili mwezi ujao, na hao ndio wateja ambao ningewafuata mpaka ofisini kwao. Pia kuna madarasa na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti, ambapo kamati hununua vifaa kwa wauzaji wa karibu. Mwaka wa serikali unaisha Juni, kwa hiyo miezi yenu mikavu wao mara nyingi wanahangaika kutumia fedha. Afisa ununuzi wa halmashauri atakueleza namna ya kujisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni. Uwe na mashine ya risiti, na usimpelekee mradi mmoja mtaji wako wote, kwani malipo ya miradi nayo huchelewa.

Ukiwa mjini pitia na ofisi ya TRA. Kama makadirio yako ya kodi yalifanywa kwa kuangalia ule msimu mnono, na mauzo yameshuka, nenda na kumbukumbu zako uombe yaangaliwe upya. Awamu za Machi na Juni ziwekee fedha kando tangu Desemba, kwa bahasha kabisa ikibidi.

Mwisho, namna ya kuagiza mzigo. Umekuwa ukijaza stoo kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Anza kuangalia miti. Julai na Agosti ukipita vijijini, tazama maua ya mikorosho: yakiwa meusi na makavu kwa ubwiri unga, au mvua ikinyesha wakati wa maua, kilo zitapungua hata bei iwe nzuri. Uliza kama salfa imefika kwa wakati. Septemba sikiliza vyama vinasemaje kuhusu magunia. Kisha mnada wa kwanza wa Oktoba usikushawishi peke yake, maana mzigo wa mwanzo huwa ni mzuri na wanunuzi wana njaa. Agiza theluthi ya unachodhani utauza. Subiri mnada wa pili na wa tatu, na hela ionekane kwenye simu za watu, ndipo umpigie mwenye duka la jumla Kariakoo uongeze. Kama mmeshaaminiana, muombe mali kauli ya wiki tatu badala ya kukopa benki. Kuna siku chache utakosa bati la geji 30 na mteja ataenda kwa jirani. Itakuuma. Stoo ikiwa karibu tupu tarehe 31 Januari, ujue umeagiza sawasawa.